Sura ya Tano: Rungu la Kuazima

Novemba 1988 majangili waliingia Mbuga ya Taifa ya Meru wakawapiga risasi vifaru weupe watano na kuondoka na pembe zao. Vifaru hao walikuwa wamezoea watu, na serikali ilikuwa imewawekea askari wenye bunduki wa kuwalinda. Kwa hivyo hawakufia nyikani, mbali na macho ya wakubwa. Walifia mikononi mwa serikali. Aliyesoma habari hiyo gazetini alijiuliza swali moja tu: ikiwa vifaru watano wenye walinzi wameshindikana kulindwa, nani atawalinda ndovu wa Tsavo?

Hesabu zilikuwa zimekwisha kujibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kenya ilikuwa na ndovu zaidi ya laki moja. Kufikia 1989 walikuwa wamebaki chini ya 20,000. Uwindaji ulikuwa umepigwa marufuku mwaka 1977 na biashara ya nyara mwaka uliofuata, lakini marufuku ya karatasi haijazi mafuta kwenye Land Rover. Mwaka 1976 mbuga za taifa, ambazo hadi hapo zilikuwa na bodi yake na mfuko wake, ziliunganishwa na idara ya zamani ya wanyama na kuwekwa chini ya wizara. Tangu hapo fedha za kiingilio zilikwenda moja kwa moja Hazina, na kilichorudi mbugani kilikuwa makombo. Magari yalikufa, barabara zikaota nyasi, mishahara ikachelewa. Askari alikabidhiwa bunduki iliyopitwa na wakati akakabiliane na watu wenye AK-47. Baadhi ya maaskari waliona ni heri wale pamoja na majangili kuliko kufa kwa ajili ya mwajiri asiyewajali.

Perez Olindo, Mkenya Mwafrika wa kwanza kuziongoza mbuga hizo, alikuwa amerudishwa mwaka 1987 kuinusuru idara. Alikuwa na ujuzi. Hakuwa na fedha, wala njia ya kumfikia mkuu wa nchi bila kupitia wizarani. Aprili 1989 taarifa ya habari ikatangaza kwamba nafasi yake imechukuliwa na Richard Leakey.

Enzi hizo mtu aliweza kupata kazi, au kuipoteza, kwenye taarifa ya saa saba mchana. Mawaziri walikuwa wakitega sikio redioni kabla ya kwenda kula. Leakey naye alipata habari za kazi yake mpya kwa njia hiyo hiyo.

Hakuwa mtu mgeni. Alizaliwa Nairobi Desemba 1944, mwana wa Louis na Mary Leakey, wachimbuaji wa mabaki ya binadamu wa kale. Aliacha shule akiwa na miaka 16 na hakupata shahada ya chuo kikuu, ila tangu 1968 aliyaongoza Makumbusho ya Taifa. Kundi lake lilifanya kazi kandokando ya Ziwa Turkana, na huko Nariokotome, mwaka 1984, Kamoya Kimeu aliokota kipande cha fuvu kilichofungua njia ya kupatikana kwa mifupa ya kijana aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita. Miaka ishirini ya makumbusho ilimfunza Leakey mambo mawili yasiyohusiana na mifupa: jinsi ya kuwaomba wafadhili fedha bila kuona haya, na jinsi ya kuishi na rais.

Mwaka mmoja kabla ya uteuzi alikuwa ameishambulia wizara hadharani kuhusu ujangili, na waziri wa utalii na wanyamapori, George Muhoho, akamjibu kwa ukali. Mtu mwingine angeandamwa kwa hilo. Rais Moi alimpa kazi yenyewe aifanye. Utalii ulikuwa umegeuka chanzo kikuu cha fedha za kigeni, na watalii walianza kuogopa. Moi alihitaji mtu ambaye Washington na London wangemwamini bila kuuliza mara mbili.

Hapo ndipo msingi wa maisha yote ya kisiasa ya Leakey ulipowekwa. Katika Kenya ya Moi mamlaka yalikuwa na chemchemi moja, na alama yake ilionekana kila siku: rungu ambalo rais hakuliacha mkononi. Waziri, mkuu wa mkoa, mkurugenzi wa shirika, wote walitembea na rungu hilo kwa kuazimwa. Moi alimwazima Leakey mara tatu. Ukitaka kujua kipi kilidumu na kipi kiliporomoka katika kazi yake, angalia kipi alikiandika katika sheria na kipi alikiacha kining'inie kwenye neno la Mzee.

Moto wa Julai

Alipoingia ofisini alikuta serikali ikijiandaa kuuza tani 12 za pembe za ndovu zilizokamatwa. Fedha zilihitajika kweli. Lakini Leakey aliona kwamba nchi inayouza pembe kwa mkono mmoja haiwezi kuomba dunia isinunue kwa mkono wa pili. Alimshawishi rais azichome.

Pembe haishiki moto kama kuni. Ilibidi zipangwe juu ya magogo, zimwagiwe mafuta, na watu wa ufundi waitwe ili mbele ya kamera moto usije ukazimika na kuifedhehesha serikali. Tarehe 18 Julai 1989, ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, Moi aliwasha rundo lililokadiriwa kuwa na thamani ya dola milioni tatu. Picha zilifika kila pembe ya dunia.

Mwezi uliofuata George Adamson, mzee wa simba, aliuawa kwa risasi huko Kora. Oktoba, nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori, zilikutana Lausanne, Uswisi. Ni haki kukumbuka kwamba Kenya haikwenda huko peke yake. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kupendekeza ndovu wa Afrika awekwe katika orodha ya wanyama wasioruhusiwa kuuzwa, na mkurugenzi wake wa wanyamapori, Costa Mlay, alipigania hoja hiyo huku Operesheni Uhai ikiwasaka majangili nyumbani kwao. Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini zilipinga: ndovu wao walikuwa wengi, na pembe ziliwalipia gharama za ulinzi. Hoja ya kupiga marufuku ilishinda. Bei ya pembe ilianguka, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ndovu waliouawa Kenya kwa mwaka walihesabiwa kwa makumi, si kwa maelfu.

Moto ulipigwa picha. Kazi kubwa zaidi haikupigwa. Mwaka huo huo wa 1989 sheria ya wanyamapori ilifanyiwa marekebisho, na Januari 1990 idara ikafa ili lizaliwe Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Shirika lilipewa bodi, uwezo wa kuajiri na kufukuza, na juu ya yote haki ya kubaki na fedha za kiingilio zilizokusanywa langoni. Makosa ya 1976 yalirekebishwa kwa kalamu. Benki ya Dunia na wafadhili wengine waliahidi zaidi ya dola milioni mia moja. Wafanyakazi kwa mamia waliondolewa. Waliobaki walipata sare, mishahara iliyofika kwa wakati, redio za mawasiliano na bunduki zinazolingana na za adui.

Na walizitumia. Tangu Septemba 1988 kulikuwa na amri ya rais kwamba jangili mwenye silaha apigwe risasi papo hapo. Leakey aliitekeleza bila kigugumizi. Watu wengi walikufa vichakani bila kuiona mahakama. Nje ya nchi waliitaja kama vita vya haki. Wasomali wa kaskazini mashariki walijua jambo ambalo halikuandikwa sana: mfugaji mwenye bunduki ya kulinda ng'ombe na jangili mwenye bunduki ya kuua ndovu, kwa mbali, wanafanana.

Walio nje ya ua

Ndovu hajui mpaka wa mbuga. Wanyama wengi wa Kenya huishi, kwa sehemu kubwa ya mwaka, nje ya maeneo yaliyotengwa, kwenye malisho ya Wamaasai na Wasamburu na mashamba ya Wataita. Ndovu akimaliza mahindi ya familia kwa usiku mmoja, hasara ni ya familia, na mapato ya mtalii aliyekuja kumpiga picha ndovu yule yule ni ya wengine.

Leakey aliliona tatizo. KWS iliahidi kwamba robo ya fedha za kiingilio zitarudi kwa jamii zinazopakana na mbuga. Ahadi ilipokewa kwa shangwe, kisha ikakwama, kwani robo hiyo haikuwa na kifungu cha sheria nyuma yake na shirika lenyewe lilikuwa na njaa ya fedha. Wazee waliokuwa wamepiga makofi walianza kuuliza maswali, na wanasiasa wakajua pa kuchimba.

Mkali kuliko wote alikuwa William ole Ntimama wa Narok, waziri wa serikali za mitaa, ambaye baraza lake la kaunti ndilo lililoshika Maasai Mara. Alimshutumu Leakey kwa kiburi, kwa kuthamini wanyama kuliko watu, na kwa kujenga dola ndani ya dola. Ntimama alikuwa na maslahi yake, na kila mtu mjini alijua. Hata hivyo maneno yake yalipata masikio kwa sababu chini yake kulikuwa na chembe ya kweli. Leakey aliwajibika kwa mtu mmoja tu, rais. Alipoamua jambo hakuwa na desturi ya kuzunguka kuomba ridhaa ya madiwani. Kasi hiyo ndiyo iliyookoa ndovu. Kasi hiyo hiyo ilimwacha bila watu wa kumtetea siku rungu litakapodaiwa.

Siku hiyo ilianza kukaribia Juni 1993. Ndege ndogo aliyokuwa akiirusha mwenyewe ilipoteza nguvu ya injini muda mfupi baada ya kuondoka Nairobi, ikaanguka. Madaktari walimkata miguu yote miwili chini ya magoti. Minong'ono ya hujuma ilienea, ila haikuthibitishwa kamwe. Miezi michache baadaye alikuwa akitembea kwa miguu ya bandia na kurudi kazini, na hapo akakuta uwanja umebadilika. Januari 1994 waziri wake, Noah Katana Ngala, alitangaza uchunguzi juu ya uendeshaji wa KWS. Leakey alijiuzulu. Moi alikataa kujiuzulu kwake, akamrudisha, kisha masharti mapya yakatolewa ya kumpunguzia madaraka. Machi akaondoka moja kwa moja. Mwanaikolojia David Western alichukua kiti.

Sasa angalia kilichobaki. Mkurugenzi alianguka, shirika halikuanguka. KWS iliendelea kukusanya fedha zake langoni na kulipa maaskari wake. Ilikuwa na matatizo chungu nzima, lakini hakuna aliyeweza kuirudisha tumboni mwa wizara kwa tangazo la redio.

Kutoka Safina hadi Ikulu

Mei 1995 Leakey alifanya jambo ambalo mkurugenzi mstaafu mwenye busara hakutarajiwa kulifanya. Pamoja na wakili Paul Muite na wenzake alitangaza chama kipya cha upinzani, Safina. Rais aliyemkweza sasa alimwita mkoloni na mbaguzi. Agosti mwaka huo, Nakuru, alipokwenda kumwona mwanasiasa wa upinzani Koigi wa Wamwere aliyekuwa akishtakiwa, genge la vijana lilimvamia yeye na wenzake kwa viboko mbele ya waandishi wa habari. Kupigwa hadharani kwa mtu mwenye miguu ya bandia kulifanya kile ambacho hotuba za Safina hazikuweza: dunia iliona jinsi upinzani ulivyotendewa Kenya.

Chama kilinyimwa usajili kwa zaidi ya miaka miwili. Kilisajiliwa Novemba 1997, wiki chache kabla ya uchaguzi, kikapata viti vitano. Kutokana na mapatano ya mageuzi ya mwaka huo, nafasi za wabunge wa kuteuliwa ziligawanywa kulingana na nguvu za vyama, na Leakey akaingia Bungeni kwa mlango huo.

Katika maisha yake yote Leakey hakuwahi kugombea kiti na kuomba kura kwa raia. Ndugu yake mdogo, Philip, ndiye aliyefanya hivyo. Aliwakilisha Lang'ata kwa tiketi ya KANU tangu 1979, mwaka ule ule alipompa Richard figo yake moja. Linganisha pia na mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai. Naye alipigwa, alitukanwa na kufungiwa milango, lakini mwaka 2002 watu wa Tetu walimpa karibu kura zote, na alipoingia serikalini mwaka 2003 akiwa waziri msaidizi wa mazingira, aliingia na watu nyuma yake. Cheo chake kilikuwa kidogo kuliko vyeo vya Leakey, lakini hakuwa amekipata kwa hisani ya mtu mmoja.

Septemba 1998 Moi alimwondoa Western na kumrudisha Leakey KWS. Kiti chake Bungeni kilikwenda kwa Josephine Sinyo, mwanasheria asiyeona. Hajamaliza mwaka, Julai 1999, taarifa ya habari ikatoa jambo lililowafanya Wakenya waongeze sauti ya redio: Leakey ameteuliwa Mkuu wa Utumishi wa Umma na Katibu wa Baraza la Mawaziri.

Sababu zilikuwa zile zile za 1989, isipokuwa safari hii mgonjwa alikuwa Hazina na si ndovu. Tangu 1997 Shirika la Fedha Duniani, IMF, lilikuwa limesitisha mikopo kwa sababu ya ufisadi. Kashfa ya Goldenberg ilikuwa bado inanuka. Serikali ilihitaji tena uso ambao wafadhili wangeuamini. Leakey alikuja na kundi la wataalamu kutoka sekta binafsi na mashirika ya kimataifa: Martin Oduor-Otieno kutoka Barclays, Titus Naikuni kutoka Magadi Soda, Mwaghazi Mwachofi na wengine. Magazeti yaliwabatiza Kikosi cha Ndoto. Walilipwa mishahara ya soko, kwa msaada wa wafadhili, huku wakiwasimamia makarani waliopokea mshahara wa serikali. Wivu ulijengwa ndani ya mpango wenyewe.

Mwaka wa kwanza matokeo yalionekana. Wizara zilipunguzwa, mafaili yaliyolala yakatembea, na Julai 2000 IMF ikakubali mkopo wa karibu dola milioni 200. Pia maelfu ya watumishi wa umma waliachishwa kazi. Kwa wafadhili hilo lilikuwa tarakimu ya kupendeza. Kwa familia ya karani wa Kakamega au Machakos lilikuwa karo ya shule isiyolipika, tena katika mwaka wa ukame na umeme wa mgao.

Desemba 2000 Mahakama Kuu iliamua kwamba mamlaka ya kupambana na ufisadi, KACA, imeundwa kinyume cha Katiba. Nguzo ya mageuzi ikaanguka, na IMF ikashika tena mfuko wake. Mwanzoni mwa 2001 serikali ilitangaza nia ya kumega zaidi ya hekta 67,000 za misitu ya umma. Mlinzi maarufu zaidi wa mazingira katika utumishi wa serikali alikuwa mezani pa Baraza la Mawaziri, na tangazo lilipita. Machi 2001 Leakey na wengi wa kikosi chake waliondolewa, na Sally Kosgei akashika nafasi yake.

Hapa methali ya wahenga inatosha: nguo ya kuazima haisitiri maungo. Kikosi cha Ndoto hakikuacha nyuma chombo kama KWS. Hakuna sheria mpya iliyolinda nafasi ya katibu wa wizara dhidi ya waziri wake, wala mfuko usioweza kuguswa. Naikuni alikwenda baadaye kuiongoza Kenya Airways, Oduor-Otieno benki ya KCB. Vipaji viliokolewa na sekta binafsi, na wizara zikarudia mwendo wake wa zamani.

Mara ya mwisho

Mwaka 2015, ujangili ukiwa umepamba moto tena, Rais Uhuru Kenyatta alimteua Leakey mwenyekiti wa bodi ya KWS. Alikuwa na umri wa miaka 70. Tarehe 30 Aprili 2016, katika mbuga ile ile ya Nairobi, marundo ya pembe yenye uzito wa tani 105 yalichomwa pamoja na zaidi ya tani moja ya pembe za vifaru. Kwa kipimo lilikuwa jambo kubwa kuliko la 1989 karibu mara tisa. Kwa athari halikuwa jipya. Dunia ilikuwa imekwisha kuona picha hiyo.

Mtihani wake halisi ulikuwa reli. Serikali iliamua kupitisha reli ya kisasa katikati ya Mbuga ya Nairobi, juu ya nguzo, kwa kilomita sita. Wanaharakati walikwenda mahakamani. Leakey, aliyewahi kuwapinga mawaziri kwa mambo madogo kuliko hayo, alikubali daraja lijengwe, akiamini kwamba reli itapita kwa vyovyote na kwamba kazi yake ni kupunguza madhara. Waliomheshimu walikasirika. Lakini hoja yake ilikuwa ya mtumishi wa serikali wa muda mrefu, anayejua ukubwa wa rungu aliloshika na wa lile lililo mkononi mwa aliyemwazima.

Alifariki tarehe 2 Januari 2022. Miezi michache kabla ya hapo sensa ya kwanza ya kitaifa ya wanyamapori ilikuwa imehesabu ndovu 36,280. Wengi wamempa yeye sifa ya idadi hiyo, na sehemu yake ni kubwa kweli. Ila ndovu hao hawakulindwa na jina lake katika miaka aliyokuwa nje ya ofisi. Walilindwa na maaskari waliolipwa na shirika ambalo fedha zake zililindwa na sheria.

Sehemu iliyomshinda, ile ya walio nje ya ua, ilibidi ingoje sheria nyingine. Mwaka 2013 Bunge lilipitisha Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori, iliyounda kamati za kaunti na kuweka fidia ya shilingi milioni tano kwa familia ya aliyeuawa na mnyama. Malipo huchelewa mno, na wajane hukanyaga vumbi la ofisi za kaunti kwa miaka. Lakini kuna tofauti kati ya mjane wa 1992 na wa leo. Yule wa kwanza alikuwa na ahadi ya mkurugenzi, na mkurugenzi alipoondoka, ahadi iliondoka naye. Huyu wa leo ana kifungu cha sheria anachoweza kukiweka mbele ya hakimu, mkurugenzi wa KWS awe nani, na rais awe nani.